Susan: mswada wa pauni 10 uliokaliwa miaka 13, na namna ya kuwasimulia vijana maisha ya Jane Austen

Vitabu vingi vinavyowaeleza vijana maisha ya Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, vinaanzia kwenye mapenzi. Unafungua tu unakutana na ngoma za ukumbini, magauni, halafu yule kijana kutoka Ireland, Tom Lefroy, waliyecheza naye kwenye sherehe za mwisho wa 1795 na mwanzo wa 1796, kisha kurasa kibao za alimpenda au hakumpenda. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, mtu anawaza binti wa miaka 15 atanaswa na nini akishika kitabu. Ila kwangu mimi kisa kinachomfaa kijana kuliko vyote kwenye maisha ya huyu dada ni dili moja la biashara lililomharibikia akiwa na miaka 27, na naomba nilichambue hapa mwanzo mpaka mwisho, manake kila nikikuta kimepitwa kwa mistari miwili roho inaniuma kweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Majira ya kuchipua ya 1803 Jane aliuza mswada wake uitwao Susan kwa Crosby na wenzake, wachapishaji wa London, kwa pauni 10. Wakautangaza kwamba unakuja. Hawakuuchapa. Miaka 6 baadaye akaulizia, akajibiwa kwa vitisho. Mwaka 1816 familia ikaununua tena kwa bei ileile ya pauni 10, na kitabu kikaja kutoka mwandishi akiwa tayari kaburini. Leo tunakijua kama Northanger Abbey.

Sasa turudi nyuma kidogo tujue nani alikuwa nani. Jane alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 kijiji cha Steventon, Hampshire, kusini mwa Uingereza, mtoto wa 7 kati ya 8. Baba yake George Austen alikuwa mchungaji wa Anglikana na nyumbani kwake alikuwa anafundisha wavulana wa bweni ili kipato kisogee. Nyumba ilikuwa na vitabu vya kutosha, watoto wanaigiza michezo ghalani, na Jane alianza kuandika vituko vyake vya kuchekesha akiwa bado hajafika hata miaka 13. Na huyu baba ndo wa kwanza kumtafutia binti yake mchapishaji, hili watu wanalisahau sana. Tarehe 1 Novemba 1797 alimwandikia Thomas Cadell wa London akimuuliza kama angependa kuiona riwaya ya juzuu 3, hakusema ni ya nani. Jibu lilikuwa hapana, kwa posta ileile ya kurudi, yaani mswada haukuombwa hata kuguswa. Kwa hiyo 1803 Jane hakuwa mgeni wa kukataliwa, na kijana anayesoma inabidi alijue hilo kwanza ili aelewe kwa nini pauni 10 zilipokelewa.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoacha dada yake Cassandra, Susan aliiandika kati ya 1798 na 1799. Ni riwaya ya msichana wa miaka 17 anayesoma hadithi za kutisha mpaka akienda kukaa kwenye jumba la watu anaanza kuona siri na mauaji kila kona, kila kabati, kila sanduku. Humohumo ndani mwandishi anasimama kabisa kuzitetea riwaya dhidi ya watu waliokuwa wanazidharau na kuona aibu kukutwa wanazisoma. Kwa hiyo mswada uliofungiwa na mchapishaji ndo huohuo uliokuwa unatetea kazi ya kuandika riwaya. Kama kuna kitabu cha Austen cha kumpa kijana kwanza, mi ningempa hiki kabla ya riwaya yake nyingine, Pride and Prejudice.

Kuna jambo moja la tarehe ambalo waandishi wa wasifu huwa wanalikata vipande viwili wakaweka kila kimoja sura yake. Desemba 1802 Harris Bigg-Wither, kijana wa miaka 21, mrithi wa shamba kubwa la Manydown, alimchumbia Jane. Jioni akasema ndiyo. Kesho yake asubuhi akasema hapana, akaondoka na dada yake. Alikuwa anakaribia miaka 27, hana mali yoyote ya jina lake, na kukataa ile ndoa ilikuwa ni kukataa nyumba na usalama wa uzeeni. Miezi michache tu baadaye ndo mswada wa Susan unauzwa London. Sisemi moja lilisababisha lingine. Nasema tu yaweke kwenye ukurasa mmoja, kijana aone ulikuwa msimu gani kwa huyu dada, halafu mwache afikirie mwenyewe.

Haya, mauzo yenyewe. Jane hakwenda mwenyewe wala jina lake halikutajwa. Kaka yake Henry, aliyekuwa na shughuli za benki London, alikuwa na mtu wake wa kumfanyia mambo aitwaye Seymour, na Seymour ndo alipeleka mswada wa juzuu 2, akapokea pauni 10, akaacha risiti yenye stempu. Hizo pauni 10 zilikuwa ni nini? Posho aliyokuwa anapewa Jane na baba yake ilikuwa pauni 20 kwa mwaka, kwa hiyo alishika posho ya nusu mwaka kwa mkupuo, kwa kazi ya mikono yake, mara ya kwanza maishani. Ukimwambia kijana hivyo anaelewa furaha yake. Lakini mwambie na upande wa pili, kwamba Ann Radcliffe, malkia wa hadithi za kutisha wa wakati ule, alilipwa pauni 500 kwa riwaya yake moja ya 1794. Bei ya Jane ilikuwa ya mtu asiyejulikana, na aliuza jumla, hakuna mrahaba, hakuna asilimia kwa kila nakala.

Na hapa ndo penye kiini cha kisa. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1710 ilikuwa inatoa miaka 14 tangu kitabu kichapwe, na mingine 14 kama mwandishi bado yuko hai (leo kwa Tanzania na Kenya ni maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, tofauti kubwa sana). Sasa ona, hesabu inaanza siku kitabu kinapotoka. Kisipotoka? Hakuna kinachohesabika. Crosby alikuwa kama mtu aliyenunua kiwanja chako akakiacha kiote majani, hajengi, na wewe hakuruhusu hata kupanda mchicha. Kwenye risiti hakukuwa na neno lolote la lini kitabu kitoke. Jane aliamini kwamba ilikubaliwa kitoke mapema, na huenda kwa mdomo ilisemwa, tena walikitangaza hadharani kwamba kipo mitamboni. Ila maneno ya mdomo yakikutana na risiti yenye stempu unajua nani anashinda.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, sitawachosha nayo. Walishahamia mji wa Bath tangu 1801, baba akafariki huko tarehe 21 Januari 1805, na mapato ya kanisa yakaishia palepale. Mama na mabinti wawili wakawa wanategemea michango ya kaka zao. Cassandra angalau alikuwa na pauni 1000 alizoachiwa na mchumba wake aliyekufa kwa homa ya manjano West Indies, visiwa vya Karibi, mama alikuwa na chake kidogo, Jane hana kitu. Wakahama nyumba za kupanga moja baada ya nyingine, mwishowe Southampton kwa kaka yao Frank wa jeshi la majini. Riwaya aliyoianza Bath, The Watsons, aliiacha njiani.

Halafu Aprili 1809. Hapa ningeomba mwandishi yeyote wa kitabu cha vijana asimame, aache haraka, azichape barua zote mbili nzimanzima kwa sababu hazizidi ukurasa. Tarehe 5 Aprili, siku chache kabla ya kuondoka Southampton, Jane anawaandikia Crosby. Anaanza na ukweli mtupu: mwaka 1803 mliuziwa na bwana Seymour mswada wa juzuu 2 uitwao Susan, mkalipa pauni 10, miaka 6 imepita na sijakiona kitabu, ingawa wakati wa kuuza ilikubaliwa kitoke mapema. Kisha anafanya kitu cha akili sana. Hawalaumu moja kwa moja, anasema nadhani mswada ulipotea kwa uzembe fulani, na kama ndivyo niko tayari kuwapa kopi nyingine, ila siwezi kuipata kabla ya Agosti. Anawapa mlango wa kutokea bila aibu. Baada ya hapo ndo anafunga: msiponijibu nitajiona niko huru kupeleka kazi yangu kwingine. Anajitambulisha kama Bi Ashton Dennis, majibu yaje posta ya Southampton, na anasaini M.A.D., herufi ambazo Mwingereza akizisoma pamoja anapata neno mad, yaani mwenye hasira.

Angalia vitu vitatu hapo. Alikuwa ametunza kopi, na kuinakili riwaya ya juzuu 2 kwa kalamu ya unyoya na wino ni kazi ya wiki na wiki, kwa hiyo huyu si mtu aliyetupa kazi yake akasahau. Alikumbuka kila kitu kwa usahihi, mwaka, bei, jina la aliyepeleka. Na kwenye barua anasema wazi kwamba mwandishi ni yeye, mwanamke, ingawa jina ni la kubuni. Mtu anayechorwa kwenye vitabu vya watoto kama shangazi mpole wa kushona mapazia ndo huyu anayempa mfanyabiashara wa London siku zake za kujibu.

Jibu likaja haraka, tarehe 8 Aprili, limesainiwa na Richard Crosby. Ni kweli tulinunua, tunayo risiti ya stempu kama malipo kamili. Hakukuwa na muda wowote uliowekwa wa kuchapa. Wala hatulazimiki kuchapa. Ukichapa wewe au mtu mwingine yeyote tutachukua hatua kuzuia mauzo. Ukiutaka, ulete kiasi kilekile tulicholipa uuchukue. Basi. Mi huwa nikiisoma naona jamaa hakudanganya hata sentensi moja, na hiyo ndo sehemu inayouma na ndo sehemu ya kumfundisha kijana, kwamba unaweza kuonewa na mtu ambaye karatasi zake zote ziko sawa.

Kwa nini basi asilipe tu pauni 10 akamaliza? Vijana huwa wanauliza hilo haraka sana na ni swali zuri. Pauni 10 zilikuwa bado ni nusu ya ile posho yake ya zamani, na wakati huo anakula kwa michango ya kaka zake. Na hata akilipa, mswada unarudi nyumbani bila mchapishaji, kwa hiyo analipa ili arudi sifuri. Kwa macho ya mtu asiye na kipato ilikuwa sahihi kuuacha. Julai mwaka huohuo walihamia nyumba ndogo Chawton aliyowapa kaka yao Edward, na hapo akashika miswada mingine aliyokuwa nayo, ile ambayo hakuna mtu mwenye risiti yake.

Na mkataba uliofuata ni tofauti kabisa, ndo maana nasema kisa cha Susan hakiwezi kusimuliwa peke yake. Sense and Sensibility ilitoka Oktoba 1811 kwa Thomas Egerton, lakini kwa gharama za mwandishi mwenyewe: mchapishaji anasimamia na kuchukua kamisheni, hasara ikitokea ni ya Jane, hakimiliki inabaki kwa Jane. Henry aliandika baadaye kwamba alikuwa anadunduliza kwenye kipato chake kidogo ili aweze kufidia hasara aliyoitarajia. Ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu ulisema tu kimeandikwa na mwanamke, hakuna jina. Hasara haikuja. Julai 1813 anamwandikia Frank kwa furaha ya mtu aliyeshika chake, nakala zote zimekwisha, nimepata pauni 140 na hakimiliki bado ninayo, kwa jumla kalamu imeniingizia pauni 250, na zinanifanya nitamani zaidi.

Hizo 250 zinajumlisha pauni 110 za Pride and Prejudice, na hapa lazima niseme ukweli hata kama nampenda. Hiyo aliiuza jumla tena, kwa Egerton, kabla haijatoka Januari 1813. Alitaka 150, akapata 110, akaandika kwamba wasingeweza kufurahi wote wawili. Kitabu kikawa kipenzi cha watu, kikarudiwa mwaka uleule, na yeye hakuongezewa hata peni. Wengine wanasema basi hakujifunza kitu kwa Crosby. Sikubaliani. Wakati anauza, hakuwa bado amejua Sense and Sensibility italeta nini mwisho wa hesabu, na kumuuzia Egerton kulimwepusha Henry na usumbufu wa kusimamia kitabu kingine, yeye mwenyewe aliligusia hilo. Halafu baada ya hapo hakuuza tena kamwe. Oktoba 1815 John Murray, mchapishaji mkubwa wa London, akampa ofa ya pauni 450 kwa riwaya yake mpya, Emma, lakini alitaka na hakimiliki ya riwaya za Mansfield Park na Sense and Sensibility humohumo. Jane akamwandikia Cassandra kwamba Murray ni tapeli bila shaka, ila tapeli mstaarabu. Akakataa, akachapisha kwa gharama zake. Kifedha huenda alikosea, manake toleo la pili la Mansfield Park lilimletea hasara iliyokula faida ya Emma. Lakini alikuwa anakataa kitu anachokijua vizuri.

Ndo tunarudi kwa Susan. Mwanzoni mwa 1816 Henry akaenda kwa Crosby, akalipa pauni 10, mswada ukarudi. Familia inasimulia kwamba alisubiri mpaka pesa imepokelewa na karatasi ziko mkononi, ndo akamwambia jamaa kwamba kitabu alichokikalia miaka yote hiyo ni cha mwandishi wa Pride and Prejudice. Simulizi tamu sana na kijana atashangilia. Iwekwe. Ila msomaji aambiwe palepale kwamba inatoka kwenye kumbukumbu alizoandika mpwa wake, James Edward Austen-Leigh, zilizotoka Desemba 1869, zaidi ya miaka 50 baadaye, na ni ya familia inayojivunia ndugu yao. Kijana wa miaka 14 ana uwezo wa kubeba furaha na tahadhari kwa pamoja, tusimdharau.

Mpwa huyohuyo ndo aliyetoa ile sura tunayoijua wote. Mchoro wa kweli aliuchora Cassandra kwa penseli na rangi ya maji, dada wa watu kakunja mikono, macho makali, midomo imebana. Kwa ajili ya kitabu cha mpwa ukatengenezwa upya, sura ikalainishwa, akapewa upole. Na ule uliolainishwa ndo Benki ya Uingereza iliuweka kwenye noti mpya Septemba 2017. Noti ya pauni 10. Mi kitabu changu cha vijana ningeweka picha zote mbili kurasa zinazotazamana, pembeni ya barua ya Bi Ashton Dennis, na nisingeandika maelezo marefu.

Kitu kimoja cha kukwepa kabisa ni kumtungia maneno ya mdomoni. Barua zake zilizobaki ni kama 160 tu, Cassandra alichoma nyingi alipokuwa mzee, na pengo hilo linawatia waandishi wa vijana tamaa ya kulijaza kwa mazungumzo ya kubuni. Kwenye kisa hiki hakuna haja. Karatasi zipo, tarehe zipo, hasira ipo.

Baada ya kuupata mswada Jane aliufanyia kazi. Mwaka 1809 kulikuwa kumetoka riwaya ya mtu mwingine yenye jina Susan, kwa hiyo msichana wake akambadilisha jina akawa Catherine. Akaandika na maelezo mafupi ya kuwekwa mbele, kwamba kazi hii ilimalizika 1803, ikauzwa, hata ikatangazwa, na kwa nini haikuendelea mwandishi hajawahi kujua. Anaomba wasomaji wakumbuke imepita miaka 13, na katika muda huo mahali, tabia za watu, vitabu na mawazo vimebadilika. Hilo lilikuwa tatizo la kweli. Riwaya ilikuwa inatania vitabu vya kutisha vya miaka ya 1790, na kufikia 1816 fasheni ilishapita. Crosby hakukalia karatasi tu, alikalia wakati wake. Machi 1816 nayo benki ya Henry ikafilisika, familia nzima ikatikisika, na Jane mwenyewe afya ikaanza kushuka. Tarehe 13 Machi 1817 anamwambia mpwa wake Fanny kwamba bibi Catherine amewekwa rafuni kwa sasa na hajui kama atatoka.

Jane alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, miaka 41. Henry na Cassandra wakakipa kitabu jina la Northanger Abbey, Murray akakitoa Desemba mwaka huo pamoja na riwaya yake nyingine, Persuasion, vyote juzuu 4, na humo Henry akaandika maelezo mafupi ya maisha yake, mara ya kwanza jina la Jane Austen linawekwa hadharani kwenye kitabu chake. Wosia alikuwa ameuandika mwenyewe tarehe 27 Aprili. Pauni 50 kwa Henry, pauni 50 kwa Madame Bigeon, mtumishi wa nyumbani kwa Henry aliyekuwa ameumizwa na kufilisika kwa ile benki, vingine vyote kwa Cassandra. Kwa hiyo faida ya vitabu vile viwili, zaidi ya pauni 500, ilimfikia Cassandra, na ile ya Susan ikiwa ndani yake.